Nani alikuwa kwenye usukani?

Barua za wasomaji kuhusu pointi za leseni, yaani alama anazoandikiwa dereva hapa Uingereza akikosa barabarani. Anajibu mwalimu wa udereva aliyeendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka tisa kabla ya kuhamia Uingereza.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhudumu wa wazee hapa Cardiff, nazunguka na gari nyumba hadi nyumba kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Nyumbani Tanzania niliendesha miaka kumi na mmoja. Hapa nilifanya mtihani upya, nikafaulu miezi kumi na minne iliyopita. Baadaye kamera ikanikamata maili 33 kwa saa kwenye barabara yenye kikomo cha maili 20, nikapata pointi 3 na faini ya pauni 100. Jana imeingia bahasha nyingine: maili 28, barabara ya 20. Mwenzangu kazini ananishauri nijaze jina la mume wangu kwenye fomu inayouliza nani alikuwa anaendesha, maana leseni yake ni safi. Na si nasikia mtu anafungiwa leseni akifikisha pointi 12? Usiku kucha sikupata usingizi.
Mama wa wawili, Cardiff

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kabla hujafanya lolote: usiandike jina la mume wako kwenye hiyo fomu. Iweke mezani, tuongee.

Hizo 12 ulizosikia ni za dereva wa siku nyingi. Yeye akikusanya 12 ndani ya miaka 3 anasimama mahakamani, na kwa kawaida anafungiwa angalau miezi 6. Wewe uko chini ya sheria ya madereva wapya, iliyopitishwa mwaka 1995 na kuanza kutumika Juni 1997. Kwa miaka 2 tangu ulipofaulu mtihani wako wa kwanza hapa, kikomo chako ni pointi 6. Miaka yako kumi na mmoja ya nyumbani haihesabiwi. Najua inavyouma. Nilikuja hapa nikiwa nimevusha matela ya mizigo milimani kwa miaka tisa, nikapangwa foleni moja na vijana wa miaka kumi na minane, na saa yangu ikaanza sifuri kama yao.

Kwa hiyo ukiongezewa 3 nyingine unafika 6, na DVLA, idara ya serikali inayotoa leseni hapa, wanaifuta leseni bila kukuita popote. Yule wa pointi 12 anaweza kumweleza hakimu kwamba akifungiwa, familia au wagonjwa wake wataumia kupita kiasi, na mara nyingine anasikilizwa. Kwako mlango huo haupo. Unarudi kwenye leseni ya kujifunzia, unabandika tena herufi L kwenye gari, unaanza na mtihani wa nadharia na kumalizia na wa barabarani. Wala usidhani utavuta siku mpaka miaka miwili iishe, kwa sababu inayotazamwa ni tarehe ya kosa.

Sasa pumua, maana kuna njia. Maili 28 kwenye barabara ya 20 iko ndani ya kiwango ambacho polisi kwa kawaida humpa mtu kozi ya mwendo kasi badala ya pointi. Kwenye barabara ya 20 wigo wa kozi hufika maili 31. Mara ya kwanza ulikuwa 33, umevuka, ndiyo maana hukuiona. Na kwa kuwa hujaifanya ndani ya miaka 3 iliyopita, unaweza kupewa sasa. Unalipa kati ya pauni 80 na 100 hivi, unakaa saa chache mbele ya kompyuta, na pointi haiingii hata moja. Kozi si haki ya mtu, ni hiari ya polisi, lakini kwa hali uliyonieleza nina matumaini makubwa.

Ila angalia mpangilio wake. Barua ya kozi inakuja baada ya wewe kurudisha fomu, ndani ya siku 28, ukikiri kwamba uliyekuwa unaendesha ni wewe. Ukimwandika mumeo, umeufunga mlango ambao ungepitia. Ukikaa kimya usijibu kabisa, kosa hilo peke yake lina pointi 6, na leseni imekwenda.

Kozi hiyo nami niliwahi kukaa, mwaka wangu wa pili hapa, baada ya kamera kunikuta karibu na shule ya msingi saa ya watoto kutoka. Mwalimu alituchorea barabara. Kwa maili 20, gari linahitaji mita 12 kusimama. Kwa maili 30, mita 23. Akaweka alama ya mtoto kwenye mita 15, akanyamaza. Ukumbi mzima ukanyamaza naye. Nilitoka pale nikiwaza barabara zote nilizopita na lori la tani thelathini, na shule zilizokuwa kando yake.

Kuhusu ushauri wa mwenzako, msimulie kisa cha Chris Huhne, mwanasiasa wa hapa. Mwaka 2003 kamera ilinasa gari lake kwenye barabara kuu ya M11, akakaribia kufungiwa, na mkewe wakati huo, Vicky Pryce, akazibeba pointi 3. Huhne akaja kuwa waziri wa nishati. Ndoa ikavunjika, siri ikatoka. Machi 2013 mahakama iliwahukumu wote wawili, kila mmoja miezi 8 jela, kwa kupotosha haki. Tena mwaka uleule wa 2003 Huhne alifungiwa kuendesha hata hivyo, kwa kutumia simu kwenye usukani. Huyo alikuwa mtu mwenye mawakili. Wewe una watoto wawili na kibali cha kazi.

Jambo moja la mwisho kwako: zile 3 ulizonazo zinakaa kwenye rekodi yako miaka 4, na kampuni ya bima ikikuuliza, itaje. Ukificha, siku ya ajali wanaweza kukataa kukulipa.

SWALI: Salaam aleikum, mwalimu. Nimetoka Mombasa miezi saba iliyopita, naendesha hapa Leicester kwa leseni yangu ya Kenya. Nikikosea, pointi zitaandikwa wapi wakati sina leseni ya hapa?
Msomaji, Leicester

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. DVLA wanakufungulia rekodi kwa jina lako, hata kama hujawahi kuwaandikia, na pointi zinakusubiri humo. Siku utakapochukua leseni ya hapa zinahamia nawe. Lakini jishughulishe zaidi na kalenda. Leseni ya Kenya, kama ya Tanzania, haibadilishwi hapa kwa fomu tu jinsi inavyofanyika kwa ya Afrika Kusini. Una miezi 12 tangu ulipoanza kuishi hapa, basi. Ukipitisha siku moja bila kuwa na leseni ya kujifunzia na mtu wa kukaa nawe garini, unaendesha bila leseni, na bima yako itayumba. Kuendesha bila bima ni pointi 6 hadi 8. Omba leseni ya kujifunzia wiki hii, maana nafasi za mtihani zinachelewa sana kupatikana.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni dereva wa lori, niko Mbeya. Nasikia watu wakizungumzia pointi kwenye leseni, na madereva wengi hapa kijiweni wanasema ni njia nyingine ya kutukamua, na rushwa itapanda bei. Wewe umeziona barabara zote mbili. Unaunga mkono?
Dereva, Mbeya

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Naunga mkono, na nitakwambia bila kuzunguka.

Hofu ya kijiwe chako si ngeni. Ufaransa ilipoanzisha pointi Julai 1992, madereva wa malori walifunga barabara kuu kwa siku kadhaa. Walikuwa wanasema unayosema wewe: barabara ndiyo kazi yetu, tutamalizwa sisi kwanza. Hapa Uingereza pointi zilianza kutumika Novemba 1982. Kabla ya hapo, mtu akiandikwa makosa 3 ndani ya miaka 3 alifungiwa, liwe dogo liwe kubwa. Pointi zilileta mizani: mwendo kasi wa kawaida 3, simu mkononi 6, na kosa likikaa muda linaacha kuhesabiwa. Kwa mtu mwangalifu aliyeteleza mara moja, hiyo ni afadhali.

Kuhusu rushwa, kijiwe kina haki ya kuogopa. Adhabu ikiwa nzito, mtu wa kando ya barabara anajua anachouza. Kwa hiyo ningedai mambo haya kabla ya pointi ya kwanza kuandikwa: dereva aione rekodi yake mwenyewe kwenye simu, bila malipo, awe na mahali pa kukata rufaa kabla haijaingia, na mwenye gari alazimishwe kwa maandishi kusema nani alikuwa kwenye usukani. Hilo la tatu ndilo roho ya mfumo wote. Faini anaweza kulipa yeyote. Pointi anaibeba aliyeshika usukani.

Nakumbuka usiku mmoja tukipanda mlima Kitonga. Tajiri alikuwa amepiga simu tukiwa Ruaha Mbuyuni, tunanunua vitunguu: kesho saa nne niwe Tunduma. Nikalipita lori jingine kwenye kona, upande wa korongo, taa za basi zikanitokea usoni. Utingo wangu alishika dashibodi kwa mikono miwili na hakusema neno mpaka Iringa. Mbele kidogo trafiki akatusimamisha kwa kuovateki vibaya. Wakati huo faini ilikuwa shilingi 30,000. Nikampigia tajiri, pesa ikaingia kwenye simu, nikalipa, nikapewa risiti, tukaondoka. Tajiri akasema hiyo ni hesabu ya barabara, anaiweka pamoja na dizeli. Kabla ya Makambako nilishapita tena kwenye kona, kwa sababu saa nne ilikuwa bado inanisubiri.

Sikuwa na neno la kumjibu tajiri yule. Madereva ninaofahamiana nao hapa wanalo: wanasema nimebakiza pointi 3, siwezi, na msimamizi anapanga safari upya, kwa sababu akimpoteza dereva lori linalala uani. Ningekuwa na pointi 9 kwenye leseni usiku ule, ningeegesha palepale Ruaha Mbuyuni, tukalala, tukapanda mlima kukishakucha.