Kabla Theluji Haijaanguka, Jua Utaiweka Wapi

Kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu ni mita mia moja na kumi. Njia ni ya changarawe, upana mita nne, na katikati inakata kona kuukwepa msonobari ambao mke wangu hataki hata kusikia habari ya kuukata. Piga hesabu. Theluji ya sentimita 20, ambayo huku kaskazini mwa Minnesota, Marekani, haimshtui mtu, ikilala kwenye njia hiyo ni mita za ujazo 88. Ikiwa ile kavu, nyepesi kama pamba, ni tani nane au tisa. Ikiwa ile ya Machi iliyolowa maji, zidisha mara mbili, wakati mwingine mara tatu.

Mimi ni mtoto wa Makete, kule Njombe, Tanzania. Sakitu inayounguza viazi alfajiri naijua tangu utotoni, kwa hiyo nilikuja huku nikijidai kwamba baridi hainitishi. Msimu wa kwanza katika nyumba hii niliingia na beleshi. Wiki ya pili nikawa nalala chali sakafuni ili mgongo unyooke. Nikatafuta mtu wa kuja na pikapu yake, dola 60 kila akija, tatizo akawa anakuja saa anayotaka yeye, na mimi zamu yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Ndipo nikanunua UTV iliyotumika, vile vigari vya shamba vya viti viwili na kitanda kidogo cha mizigo nyuma, pamoja na bleidi, bamba la chuma la kusukumia theluji, ya kufunga mbele. Huu ni msimu wa tano nakitumia.

Mwaka jana mwezi wa kumi, kijana mmoja aliyehama kutoka kwenye apatimenti kule Minneapolis na kununua nyumba yenye eneo karibu na huku alinipigia simu. "Kaka, ninunue kigari kipi?" Nikamwambia, mdogo wangu, hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: theluji yako utaiweka wapi?

Akacheka. Hata mimi ningecheka.

Huku kaskazini mwa mji wa Duluth, theluji ya Novemba haiyeyuki, unaihamisha tu. Pale utakapoiacha leo ndipo utakapoikuta mwezi wa nne, imekandamizwa, imeganda, na nyingine imepanda juu yake. Msimu wa 2022 hadi 2023 Duluth ilipata inchi 140.1, karibu mita tatu na nusu, nao ndio msimu uliovunja rekodi ya mji ule. Mimi msimu wangu wa kwanza na kigari nilikuwa nasukuma theluji hadi ukingoni mwa njia na kuiacha hapo hapo, kama mtu anayefagia vumbi na kulirundika kizingitini. Krismasi ilipofika, kuta mbili zilikuwa zimesimama huku na huku. Katikati ya Januari njia ya mita nne ilibaki mita mbili na nusu, na kuta zenyewe ngumu kama zege. Kigari kikizigonga kinarudishwa. Dereva wa lori la gesi ya kupashia nyumba joto alisimama getini, akaangalia, akageuza. Ilibidi nilete mtu na mashine ya kijiko ya kuichota, na ile bei sitaiandika hapa kwa sababu mke wangu anasoma blogu hii.

Kwa hiyo theluji ya kwanza kabisa, hata ikiwa sentimita nane tu, isukume mbali. Ivushe ukingo, ipeleke mita mbili au tatu ndani ya majani. Utaonekana mjinga, jirani mwenye njia fupi atakuangalia unavyohangaika na kitu ambacho angekiacha kipondwe na matairi. Muache. Unajenga nafasi ya Februari.

Na ili ujue ukingo uko wapi, chomeka vijiti vya alama, vile vyembamba vya fiberglass vyenye rangi kali, kabla ardhi haijaganda. Mimi nachomeka wiki ya mwisho ya Oktoba. Ukichelewa utahitaji drili kutoboa udongo, sikutanii. Kimoja kila mita sita hivi, kwenye kona viwe karibu zaidi. Weka pia kwenye midomo ya kalavati, kwenye kichwa cha kisima, kwenye tangi la gesi, na kwenye lile jiwe unalolijua sana mwezi wa saba na kulisahau kabisa mwezi wa kwanza.

Vijiti vyekundu ni vya kitu kimoja tu: bomba la maji machafu linalotoka nyumbani kwenda kwenye septiki, na eneo ambako maji yake yanasambaa ardhini. Hili lilinipata mwenyewe. Pembeni ya nyumba nilijitengenezea uwanja safi wa kugeuzia kigari, nikausafisha hadi majani yakaonekana. Nilijisifu kweli. Kumbe bomba linapita pale pale chini. Ikaja wiki ya nyuzi 30 chini ya sifuri, na Jumapili asubuhi maji ya kuogea yakaanza kurudi juu badala ya kushuka. Jirani yangu, mzee wa asili ya Kifini kama walivyo wengi huku, alikuja, hakuangalia bafuni wala nini. Alisimama pale kwenye uwanja wangu, akaniuliza kwa nini nimeivua ardhi blanketi lake katikati ya baridi.

Theluji laini imejaa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto la ardhi lisitoroke. Ukiiondoa, baridi inashuka moja kwa moja. Ukipita juu yake na matairi, unaikandamiza, hewa inatoka, mambo yale yale. Kanuni za ujenzi za jimbo hili zinataka misingi ya nyumba huku kaskazini ishuke inchi 60, mita moja na nusu, kwa sababu kuganda kunafika chini kiasi hicho. Bomba langu halikuwa mbali hivyo. Fundi aliyekuja kuliyeyusha kwa maji ya moto alichukua pesa zaidi ya niliyonunulia bleidi. Sasa pale hakupiti kitu, theluji inalala ilivyoanguka, na hata majani yake siyakati mafupi wakati wa vuli.

Barabarani nako kuna mtego. Huruhusiwi kusukuma theluji yako kuiingiza barabarani au kuivusha upande wa pili, sheria ya Minnesota inakataza, na tuta moja lililoganda linaweza kumtoa mtu njiani usiku. Lakini magari ya kaunti ya kusafisha theluji yatakuletea ya kwao. Yanapita, na yote yaliyobeba kwenye bleidi yanamwagika kwenye uwazi wa kwanza yanaoukuta, yaani mdomo wa njia yako. Lundo hilo ni zito kuliko kitu chochote utakachosukuma siku hiyo, lina chumvi, mchanga na mabonge ya barafu. Dawa yake niliipata kwa yule mzee. Simama mlangoni pa njia yako ukiitazama barabara. Magari huku yanapita kulia, kwa hiyo gari la theluji linakujia kutoka kushoto kwako. Safisha mfuko wa mita nne au tano kando ya barabara upande huo wa kushoto, kabla ya mdomo. Gari likipita linamwaga mzigo mle, linafika kwako tupu au karibu tupu. Theluji yako mwenyewe ya pale mdomoni ipeleke kulia.

Haya, kigari sasa.

Watu wanauliza nguvu za injini. Injini zote hizi zinatosha. Kinachosukuma theluji ni uzito na matairi. Mimi naweka mifuko minne ya mchanga ya kilo 27 kitandani, nyuma kabisa, la sivyo bleidi inavuta pua chini na matairi ya nyuma yanacheza tu. Upana wa bleidi nao upime ikiwa imekaa mshazari, kwa sababu ndivyo utakavyoitumia muda mwingi. Bleidi ya inchi 72 ikigeuzwa nyuzi 30 inabaki na inchi 62 na kidogo. Kigari changu kina inchi 62. Ningenunua ile ya inchi 66 aliyonishawishi muuzaji, kila nikipita tairi moja lingekuwa linakanyaga theluji niliyoikusudia kuisukuma.

Kuhusu jina la kigari sibishani na mtu. Huku nusu ya kijiji ni Polaris damu, na unawaelewa, kampuni ilizaliwa Roseau, jimbo hili hili, mwaka 1954. Nitakachosema ni kwamba vingi vya vigari hivi vinaendeshwa na mkanda wa mpira badala ya gia za meno, na mkanda huo ndio roho yako. Msimu wa kwanza niliuunguza. Theluji ya kulowa, lundo la mdomoni, mimi niko kwenye gia nyepesi, ile ya mwendo kasi, nakanyaga mafuta, kigari hakiendi. Kwanza ilikuja harufu kama ya kandambili zilizoangukia mkaani. Kisha moshi. Kisha injini inalia vizuri kabisa na kigari kimesimama. Kuubadilisha mkanda ukiwa umepiga magoti kwenye theluji, vidole havisikii nati, ni shule ambayo sikutakii. Weka gia nzito, ile ya polepole yenye nguvu, tangu unatoka bandani mpaka unarudi, four-wheel imewashwa. Kigari kikikataa kwenda, toa mguu kwenye mafuta, rudi nyuma, chukua nusu ya lundo. Mkanda wa akiba na spana yake vikae chini ya kiti. Mwenye pesa anaweza kununua aina kama Kubota RTV-X1100C, ya dizeli, inayoendeshwa kwa mafuta ya haidroli bila mkanda, na inatoka kiwandani na kibanda chenye hita. Mimi pesa hizo sina, nilifunga kioo cha mbele nikaishia hapo. Bila kioo usithubutu, upepo ukigeuka theluji yote unaivaa usoni.

Bleidi nyingi zinanyanyuliwa na wenchi, kile kimota cha umeme kinachokunja waya. Waya wa chuma unaokuja na wenchi haukutengenezwa kwa kazi ya kupanda na kushuka mara mia kwa siku kwenye kipande kile kile kifupi. Unachanika uzi mmoja mmoja, na nyuzi zake zinachoma glovu. Wa kwangu ulikatika mwezi wa pili. Sasa nimefunga kamba ya nailoni, na mbele yake kizuizi cha mpira ili nikisahau kuachia swichi isivute mpaka ikakatika. Jua pia kwamba bleidi ya wenchi inashuka kwa uzito wake tu, haikandamizi. Theluji ikishapondwa na matairi ya gari la mkeo saa kumi na moja alfajiri, bleidi itateleza juu yake kama kijiko kwenye ugali wa jana. Kwa hiyo sukuma kwanza, magari yatoke baadaye.

Na usingoje iishe kuanguka. Dhoruba ya sentimita 40 naichukua mara tatu, kila ikifika kumi na tano hivi natoka. Naanzia mlango wa gereji: nasogea hadi karibu na mlango, nashusha bleidi, narudi nyuma nikiiburuta mita tatu nne, kisha nageuka na kuisukuma mbali. Halafu katikati ya njia, bleidi mshazari, naelekea barabarani. Kurudi nachukua upande wa pili. Mwendo wa mtu anayekimbia polepole, basi. Mkanda wa kiti umefungwa, maana bleidi ikikuta jiwe springi zake zinaiangusha mbele lakini kifua chako hakina springi. Mwisho wa njia, ukilifikia lundo, anza kunyanyua bleidi ukiwa bado unakwenda, theluji ipande juu ya theluji. Kulipiga kichwa kwa kasi ni kuvunja vyuma.

Ukimaliza, kigari kisingurume ndani ya gereji iliyofungwa hata dakika mbili "kipoe", ndani ya hewa ya ekzosi mna sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu ya kukuonya, inaua. Zima, shusha bleidi iguse sakafu ili wenchi ipumzike, chomeka chaja ya betri. Wenchi, taa na hita vinakula umeme kuliko injini inavyorudisha katika mizunguko mifupi, na betri kwenye baridi kali ina nusu ya nguvu zake. Upepo wa matairi angalia kila baridi inaposhuka ghafla.

Limebaki la changarawe. Mwanzoni mwa msimu, ardhi ikiwa bado laini, bleidi inachimba. Chini yake kuna vile viatu vya chuma vinavyorekebishwa. Vishushe ili makali yabaki juu kama inchi moja, ukubali kuacha tabaka jembamba likandamizwe na kuganda. Likishaganda ndiyo sakafu yako, unaweza kupandisha viatu kidogo. Mimi mwaka ule wa kwanza sikujua hata kwamba vinarekebishwa. Mwezi wa tano theluji ilipoondoka, nilichukua reki na toroli nikaanza kuyaokota mawe yangu kwenye majani, na mke wangu akatoa kiti nje akakaa kunihesabia. Matoroli kumi na moja. Mwaka huu yalikuwa mawili.