Testa inawaka, taa haiwaki

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nimenunua taa ya nje yenye sensa, ile inayojiwasha giza likiingia. Mwanangu ameifunga juu ya mlango wa nyuma, umeme akautoa kwenye boksi la swichi ya ukumbini. Haiwaki hata usiku wa manane. Balbu ni nzima, nimeijaribu chumbani. Swichi ya ukumbini ikiwa imewashwa, testa inawaka kwenye waya zote mbili. Halafu tangu siku hiyo taa ya ukumbini inapepesa hata tukiizima. Nimeuziwa taa mbovu?
Mama wa watatu, Bwiru, Mwanza

JIBU: Shikamoo mama. Taa yako usiirudishe dukani. Kinachokosekana ni nyutro, yaani waya unaorudisha umeme.

Mwambie kijana azime meinswichi kwanza, kisha afungue lile boksi. Nadhani atakuta waya mbili za rangi moja: nyekundu kama nyumba ni ya zamani, kahawia kama ni mpya. Moja inaleta umeme, nyingine inaupeleka darini. Nyutro haifiki hapo kabisa. Ukiwasha swichi, waya zote mbili zinakuwa na volti 230, na umeme hauna pa kwenda. Chukua ndoo mbili za maji yaliyo usawa mmoja, uziunganishe kwa mpira: hakuna tone litakalohama. Ukizima, umeme kidogo unapenya kwenye taa ya nje na kurudi kupitia ile ya ukumbini, ndiyo maana inapepesa.

Nikiwa mwanafunzi wa ufundi pale Kirumba nilibadilisha balbu tatu kwa tatizo hili hili. Mwalimu wangu alinishika mkono nikiwa juu ya ngazi ya chuma, akagusisha testa waya wa kwanza, ikawaka. Wa pili, ikawaka. Taa imezimika, na kila nilichokaribia kushika kilikuwa na moto. Sijasahau, na ndiyo sababu nakuomba kijana asipande kabla ya kuzima meinswichi.

Nyutro ivuteni kutoka darini, pale taa ya ukumbini ilipofungwa. Ni nyeusi au bluu. Umeme autoe kwenye waya unaoingia kwenye swichi, siyo unaotoka, la sivyo taa ya nje itategemea swichi ya ndani. Akiona mkono hautulii, tafuteni fundi mwenye leseni ya EWURA.

Akija mtu akasema "tutumie ethi badala ya nyutro," mkatalie. Ethi ni waya wa usalama unaoshuka ardhini. Taa itawaka kweli, lakini huku kwetu kwenye mawe nondo ya ethi mara nyingi hugota mwamba kabla ya kuzama vizuri, na umeme usiopata pa kuzamia utakaa kwenye bati la taa na kwenye kila chuma kilichofungwa ethi humo ndani, kama friji na pasi ya nguo.

Mkimaliza msingoje jioni. Funikeni jicho la sensa kwa kitambaa kizito cheusi, msubiri dakika moja au mbili. Nyingine huchelewa kidogo.