Pikapu ya umeme: usilipie kilomita usizozihitaji

Wiki mbili zilizopita shemeji yangu alinipigia simu akiwa bado yuko kwa muuzaji wa magari. "Shemeji, wananiambia nichukue yenye betri kubwa, nikichukua ndogo nitajuta. Wewe una yako mwaka wa tatu huu. Ni kweli nitajuta?" Nilimwomba asisaini kitu siku hiyo, arudi nyumbani, atafute daftari. Tuliyoyafanya baada ya hapo ndiyo ninayoyaandika hapa, maana swali lake naulizwa mara kwa mara, na jibu la haraka humgharimu mtu pesa nyingi.

Mimi ni fundi wa mabomba. Nimeendesha pikapu ya dizeli miaka tisa kabla ya kuhamia ya umeme, na hofu yangu ilikuwa ile ya kila mtu: kuishiwa chaji njiani na mzigo wa mteja uko nyuma. Kwa hiyo kabla sijanunua niliandika. Kila jioni kwa wiki nane niliweka kwenye daftari kilomita za siku hiyo, nilichobeba, kama nilivuta tela, na mahali gari lilipolala. Zilikuwa siku 48 za kazi. Siku 39 sikufika kilomita 90. Siku saba zilikuwa kati ya 90 na 160. Mbili tu zilivuka hapo, na ndefu kuliko zote ilikuwa kilomita 310, nilipofuata matangi mbali.

Ungeniuliza kabla ya daftari ningeapa kwamba natembea kilomita 200 kila siku. Mtu akishinda kwenye foleni, akapanda na kushuka garini mara kumi, mwili unamwambia amesafiri sana, kumbe amezunguka eneo dogo. Na si mimi peke yangu. Marekani, nchi inayopenda sana pikapu, takwimu za serikali za barabara kuu zinaonyesha dereva wa kawaida anakwenda takriban kilomita 21,700 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365, unapata kama 60 kwa siku.

Sasa ziangalie pikapu zenyewe. Ford F-150 Lightning ilipotoka mwaka 2022, yenye betri ndogo ilipewa kilomita 370 kwa kipimo rasmi, na yenye betri kubwa ilifika 515. Rivian R1T za mwanzo zilipewa 505. Chevrolet Silverado EV ya kazi ya mwaka 2024 ilipewa 724. Hata hiyo ndogo kabisa ni mara sita ya siku ya kawaida ya dereva wa Marekani. Lakini naomba usiishie hapo ukasema basi, yoyote inatosha, kwa sababu siku ya kawaida siyo inayokulaza njiani.

Namba ya tangazo si uongo, ila si yako. Kipimo cha EPA, shirika la serikali ya Marekani la mazingira, hufanyika ndani ya maabara, magurudumu yakizunguka juu ya mashine, halafu matokeo hupunguzwa, kwa kawaida asilimia 30, ili yakaribiane na hali ya barabarani. Kipimo cha Ulaya, WLTP, hutoa namba kubwa zaidi kwa gari lile lile, kwa hiyo usilinganishe magari mawili kabla hujajua kila namba imetoka kipimo gani. Na hakuna kati ya hivyo kinachopima pikapu ikivuta tela.

Ndiyo maana mimi niliacha kuhesabu kwa kilomita, nikaanza kuhesabu kwa uniti. Betri hupimwa kwa kilowati-saa, na kilowati-saa moja ndiyo uniti ile ile unayoisoma kwenye mita ya umeme nyumbani. Betri yangu ina takriban uniti 100. Nikiwa bila mzigo, mwendo wa kuchanganya mji na barabara kuu, inakula kama uniti 28 kwa kila kilomita 100. Nikikaa kwenye kilomita 115 kwa saa muda mrefu, inakula 35. Ukishaijua namba hiyo ya ulaji, masafa unayajua mwenyewe. Uniti 100 kwa ulaji wa 28 ni kilomita 350 na ushee. Kwa ulaji wa 35 ni chini ya 290. Betri ni ile ile.

Kasi inakula kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu nguvu ya upepo unaousukuma haipandi sawasawa na mwendo: ukiongeza kasi mara mbili, upepo unakukinza mara nne. Mwaka 2025 wahandisi wa General Motors waliitembeza Silverado EV kilomita 1,704 kwa chaji moja, pikapu ambayo kwa kipimo rasmi ni takriban kilomita 790. Walikwenda polepole mno, kati ya kilomita 32 na 40 kwa saa, tairi zimejazwa upepo hadi mwisho. Hakuna mwenye kazi zake atakayeendesha hivyo, lakini inaonyesha mguu wako una sauti kiasi gani katika jambo hili.

Tela ndiyo iliyonifundisha zaidi, na hapa naomba unisikilize vizuri kama unavuta kitu. Miezi mitatu baada ya kununua niliazima tela ya kufungwa, yale masanduku marefu yaliyosimama wima kuliko kichwa cha gari, nikapeleka vifaa kwenye eneo la kazi. Kwenda, ikiwa imejaa, nilikula uniti 62 kwa kilomita 100. Nikashusha kila kitu. Nikajiambia kurudi kutakuwa rahisi, tela ni tupu. Narudi, mwendo ni ule ule wa 105, upepo unanipiga usoni kidogo, nasoma kwenye dashibodi: 64. Tela tupu imekula kuliko iliyojaa! Nilipunguza hadi 85 kwa saa, ulaji ukashuka mpaka karibu na 50, nikafika nyumbani nikiwa na asilimia 12 na mabega yamekaza.

Uzito haukuwa tatizo. Uzito unausikia ukiondoka, ukipanda mlima, lakini ukishuka au ukipunguza mwendo mota inageuka jenereta na kukurudishia sehemu yake. Upepo hauna marejesho. Ukuta ule wa bati niliokuwa nausukuma ulikuwa unachukua umeme wangu dakika baada ya dakika. Wiki chache baadaye nikavuta tela ya wazi, fupi, imebeba mabomba ya uzito usiopungua ule wa mwanzo, nikala uniti 42 tu. Kwa hiyo mtu akikuambia "tela inakata masafa nusu", muulize tela ipi, na anaendesha kasi gani.

Wenye dizeli huniuliza kwa nini wao hawalioni jambo hili. Wanaliona, ila tanki limewafichia. Lita moja ya petroli ina karibu uniti 9 za nishati, na dizeli inazidi kidogo hapo. Betri ya uniti 98 ni sawa na lita 11 tu za petroli! Injini hutupa sehemu kubwa ya nishati yake kama joto hata ikiwa haivuti kitu, wakati mota ya umeme haitupi karibu chochote, ndiyo maana lita 11 zinakufikisha mbali hivyo. Lakini unapoongeza mzigo wa upepo mara mbili, mwenye tanki kubwa anaongeza mafuta dakika tano na kuondoka, wewe huna akiba ya kupoteza.

Tena ukiwa na tela, safari ndefu hupimwa kwa vituo zaidi kuliko kwa chaji moja. Njiani huendi kutoka asilimia 100 hadi sifuri. Unachaji hadi 80 hivi, kwa sababu baada ya hapo chaja ya kasi hupunguza sana mwendo wake, na unataka kufika kituo kinachofuata ukiwa na 10 mkononi. Hiyo ni asilimia 70 ya betri, kwangu uniti 70. Kwa tela ya kufungwa ni kilomita 110 tu kati ya kituo na kituo. Na vituo vingi vimejengwa kwa gari la kuingiza pua, kwa hiyo unafungua tela, unaiegesha pembeni, unachaji, unarudi kuifunga. Nimefanya hivyo mara mbili kwenye mvua.

Baridi nitaipitia haraka. Kwenye baridi kali tegemea kupoteza robo ya masafa, wakati mwingine zaidi, hasa kwa safari fupi fupi ambazo hita inaanza upya kila mara. Pasha gari joto likiwa bado limechomekwa ukutani. Betri nayo huzeeka. Dhamana ya watengenezaji wengi huahidi kwamba ndani ya miaka minane au kilomita 160,000 hivi uwezo hautashuka chini ya asilimia 70, na betri nyingi hubaki juu ya hapo, lakini mimi nikipanga huwa naondoa asilimia 15 tangu siku ya kwanza ili nisije nikajidanganya.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi nalo kwangu lina uzito kuliko ukubwa wa betri: gari linalala wapi. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 kwa saa kumi za usiku inarudisha uniti 70, yaani kilomita 250 zangu za kawaida. Kila asubuhi. Soketi ya kawaida inarudisha kama uniti 20, kilomita 70, na hata hiyo ingenibeba siku nyingi za daftari langu, betri ikifidia pengo la siku moja moja. Mwenye kulaza gari nyumbani na kuchomeka hahitaji betri ya wiki, anahitaji betri ya siku yake mbaya. Asiye na mahali pa kuchomeka, anayetegemea chaja za umma mara moja au mbili kwa wiki, huyo hesabu yake ni nyingine kabisa, na kwake kubwa inaweza kuwa na maana hata kama hatembei mbali.

Betri kubwa ina gharama yake hata baada ya kulipwa. Ile ya GMC Hummer EV peke yake ina takriban kilo 1,300, uzito wa gari dogo zima, na gari lote linazidi kilo 4,000. Uzito huo unakula tairi, na kilo unazozibeba chini ya sakafu ni kilo usizoweza kubeba nyuma. Betri ya uniti 200, kwa chaja ya kilowati 7, inataka karibu saa 30 ijae kutoka sifuri. Nimewaona watu walionunua kilomita 700 ambao kila usiku wanarudisha 60.

Wapo wanaohitaji kilomita hizo. Anayevuta tela ya kufungwa kilomita 150 kwenda na 150 kurudi mara kadhaa kwa wiki, achukue betri kubwa kuliko zote anazoweza kulipia, na bado apange vituo. Anayevuta kilomita 500 kwa siku kama kazi yake ya kila siku, sitamshauri anunue ya betri tupu leo. Kwa kazi ya namna hiyo kuna muundo mwingine unaokuja, ambapo mota za umeme ndizo zinazosukuma gari na injini ya petroli inabaki kuzalisha umeme. Mwaka 2025 Ram, kampuni ya pikapu ya Marekani, iliacha mpango wake wa pikapu ya betri tupu ikabaki na huo, na Ford mwishoni mwa mwaka huo huo ikatangaza kwamba Lightning ijayo itafuata njia hiyo hiyo.

Nirudi kwa shemeji. Anakodisha mahema na viti. Daftari lake lilionyesha kilomita 50 hadi 80 siku nyingi, na mara nne kwa mwezi safari ya kilomita 190 kwenda na kurudi, akivuta tela ya wazi. Tukachukua ulaji wangu wa 42, tukauongeza hadi 45 kwa tahadhari. Kilomita 190 zikatoka uniti 86. Betri ndogo ilikuwa na 98, tukiondoa uzee inabaki 83. Hapo akaniangalia. "Umeona? Haitoshi."

Nikamuuliza akifika kwenye shughuli gari linakaa muda gani. Saa sita, akasema, wakati mwingine nane, anasubiri wamalize ndipo akusanye viti. Na umeme upo? Upo, si ndiyo unaowasha muziki na taa. Saa sita kwenye soketi ya kawaida ni uniti 12, na njia yake ya kurudi inapita kwenye chaja ya kasi ambako dakika 20 zingemwongezea 30 au zaidi. Tukaipiga hesabu upya kwa siku ya baridi, tukaipiga tena kama soketi ya huko ni mbovu na anategemea chaja ya njiani peke yake. Alifika nyumbani katika zote, katika ile mbaya kabisa akiwa na uniti 9.

Uniti 9 ni kidogo kwa mtu mwenye watoto wanaomsubiri, na nilimwambia hivyo: siku hiyo aongeze dakika kumi kwenye chaja. Kama safari ile ingekuwa ya kila siku, ningemwambia achukue kubwa bila kusita. Kwa mara nne kwa mwezi, alichukua ndogo, na sehemu ya tofauti ya bei akamlipa fundi umeme amfungie chaja ya ukutani. Juzi alinitumia picha ya dashibodi baada ya safari yake ya kwanza na tela: uniti 43 kwa kilomita 100, na daftari liko wazi kwenye kiti cha abiria.