Muuaji akifichuliwa, mbona mtazamaji ndiye anayeumia?

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu tamthilia za upelelezi, na tatu kati yake nimeona zinastahili kujibiwa kwa kirefu. Kwa kuwa haiwezekani kujadili mgeuko wa kisa bila kuutaja, msomaji anayekusudia kutazama Broadchurch au Line of Duty na bado hajafanya hivyo, aruke moja kwa moja hadi barua ya mwisho, asije akanilaumu.

SWALI: Mhariri wa safu, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Wakati wa likizo, mimi na mume wangu tulijaziwa kwenye flashi msimu wa kwanza wa Broadchurch, tukautazama wote. Ilipobainika kwamba aliyemuua yule mtoto ni mume wa mpelelezi mwenyewe, niliweka rimoti chini nikatoka nje, na siku kadhaa baadaye nilikuwa bado na hasira, kana kwamba nimetapeliwa na mtu ninayemfahamu. Mume wangu anacheka. Anadai alimshuku bwana yule tangu mapema. Je, mimi ndiye mzito wa kuelewa, au mwandishi ametucheza shere?

JIBU: Dada yangu mwalimu, huna uzito wowote, na hasira yako ndiyo hasa mwandishi Chris Chibnall aliyokuwa akiitafuta. Kwa faida ya wasomaji wengine, tamthilia hii ya vipindi vinane ilianza kuonyeshwa Uingereza na kituo cha ITV mwaka 2013. Mtoto wa miaka 11, Danny Latimer, anakutwa amekufa ufukweni, chini ya majabali ya mji mdogo wa pwani ambamo kila mtu anamjua mwenzake. Kesi inakabidhiwa wapelelezi wawili: Alec Hardy, mgeni asiyecheka na mtu, na Ellie Miller, mwenyeji ambaye mwanawe Tom alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu. Hardy anamwonya Ellie tangu mwanzo kwamba asimwamini yeyote, na Ellie anaona hayo ni maneno ya mtu aliyekosa marafiki.

Sasa angalia mahali Joe, mume wa Ellie, alipofichwa. Hakufichwa gizani, wala hakuvalishwa koti refu la mtu wa kutiliwa shaka. Yeye ni baba anayekaa nyumbani kulea, anayempokea mkewe akirudi kazini amechoka, na kila anapoonekana, sisi watazamaji tunashusha pumzi kwa kuwa tumetoka katika kesi na kuingia katika maisha ya kawaida ya nyumba yenye watoto. Chibnall alimweka muuaji ndani ya vipande vile vile tulivyovitumia kupumzika. Kwa hiyo unaposema umetapeliwa na mtu unayemfahamu, umesema kweli tupu: ulikuwa umekaribishwa katika nyumba ile, ukamzoea mwenyeji wake, na ulipumbazwa kwa njia ile ile aliyopumbazwa Ellie.

Kuhusu mumeo, mpe haki yake kidogo, lakini usimpe yote. Mtazamaji anayemshuku kila anayepita mbele ya kamera, leo mchungaji, kesho muuza magazeti, keshokutwa fundi bomba, hana budi siku moja kumpata mwenye hatia. Hata hivyo swali la nani kabashiri si zito katika kisa hiki, na ushahidi wake ni jinsi kipindi cha mwisho kilivyopangwa. Hardy anafuata mawimbi ya simu ya marehemu hadi nyumbani kwa Ellie, anamkuta Joe, na fumbo limekwisha huku muda mwingi wa kipindi ukiwa bado mbele yetu. Tamthilia ambayo hazina yake ni jina la muuaji isingelitoa mapema namna hiyo. Kilichobaki ni jambo gumu zaidi: Ellie hajui, sisi tunajua, na kuna mtu atalazimika kuketi mbele yake na kumwambia.

Kumbuka pia kwamba kabla ya hapo Ellie alikuwa amemhoji Susan Wright, yule mwanamke mkavu mwenye mbwa, ambaye mumewe wa zamani alitenda maovu ndani ya nyumba yao wenyewe. Ellie alimuuliza kwa dharau iliyofunikwa kidogo tu: ilikuwaje uishi na mtu nyumba moja usijue? Wengi wetu tulikubaliana naye, tukamwona Susan ama mwongo ama mzembe. Kisha baada ya Joe kukamatwa, mama yake Danny anasimama mbele ya Ellie na kumuuliza swali lile lile. Mgeuko wenyewe uko hapo. Jina la Joe unaweza kulibashiri ukiwa kwenye kochi, lakini kumwona Ellie akipokea swali alilolitoa kwa mdomo wake mwenyewe ni jambo lisilopungua uzito hata kwa aliyebashiri, na nadhani mumeo naye alinyamaza walau kwa dakika moja, ingawa hakukwambia.

Kama bado mnabishana, rudieni kipindi cha kwanza pamoja, na safari hii mtazameni Joe kila anapokuwa nyumbani. Kisa kilichowadanganya kwa hila mtakiona kimepwaya mara ya pili. Hiki kinakaza.

SWALI: Ndugu Mhariri, niko Mombasa, na kwa miaka mingi nimekuwa mfuasi wa Line of Duty, ile tamthilia ya Uingereza kuhusu kitengo cha polisi kinachowachunguza polisi wenzao. Tuliambiwa kwamba kuna mkubwa wa polisi anayeongoza mtandao wa maafisa wala rushwa, tukamsaka msimu baada ya msimu, halafu mwishowe akatokea Ian Buckells, yule mzembe wa ofisini! Rafiki zangu wote walikasirika. Mwandishi alikuwa na haki ya kutufanyia hivyo?

JIBU: Kaka yangu, haki alikuwa nayo, na malalamiko yako pia yana msingi. Mambo hayo mawili hayapingani, ila yanahitaji kutenganishwa.

Kwanza haki ya mwandishi. Mwaka 1929 padre wa Kiingereza aitwaye Ronald Knox, ambaye mwenyewe alitunga riwaya za upelelezi, aliandika kanuni kumi za uchezaji wa haki kati ya mtunzi na msomaji. Ya kwanza ilidai mhalifu awe ametajwa mapema katika hadithi. Nyingine ilikataza pacha kuzuka ghafla bila msomaji kutayarishwa, na nyingine ikakataza mpelelezi kusaidiwa na bahati tu, yaani ile sadfa ambayo walimu wetu wa fasihi hutufundisha kuishuku. Ukimpima Jed Mercurio, mtunzi wa Line of Duty, kwa kanuni hizo, hana deni. Buckells tulimwona tangu msimu wa kwanza, mwaka 2012. Vidokezo navyo vilikuwepo. Matthew Cottan, afisa aliyekuwa akilisaidia genge kutoka ndani, alipokuwa akikata roho aliacha ishara ya herufi H, na baadaye ikaeleweka kwamba vidole vyake vilikuwa vikigonga alama nne za Morse, ule msimbo wa nukta na vistari, maana yake maafisa wanne na si jina la mtu mmoja. Kisha kuna neno moja la Kiingereza, «definitely», ambalo kiongozi asiyejulikana alikuwa akiliandika kwa kosa lile lile katika ujumbe wake kwa wahalifu, na kosa hilo hilo likakutwa katika nyaraka za Buckells. Mtu aliyeogopwa na jeshi zima la polisi alinaswa kwa tahajia. Binafsi dokezo hilo nalipenda sana, kwa kuwa linafanana na mtu mwenyewe: mvivu, asiyesoma tena alichoandika.

Na jambo alilokuwa akilisema Mercurio halikuwa dogo. Kwamba nyuma ya uozo wa miaka hakuna fundi mwenye akili nyingi, bali mtu wa kawaida aliyepandishwa vyeo kwa sababu hakuna mkubwa aliyetaka kuchungulia, ni wazo ambalo msomaji yeyote aliyewahi kufuatilia faili katika ofisi ya umma atalielewa bila kufafanuliwa.

Mbona basi hasira? Kipindi cha mwisho cha msimu wa sita, kilichorushwa tarehe 2 Mei 2021, kilitazamwa na wastani wa watu milioni 12.8 nchini Uingereza, na wengi wao waliondoka wamenuna kama wewe. Sababu ninayoiona mimi ni kwamba tamthilia hii ilikuwa imetufundisha kutarajia kitu kingine. Sisi tuliokulia katika mabanda ya video tunajua sheria moja isiyoandikwa: stelingi hafi. Line of Duty ilivunja sheria hiyo hadharani. Msimu wa pili ulituletea Jessica Raine, mwigizaji mwenye jina, tukadhani atakuwa nasi hadi mwisho, akauawa katika kipindi cha kwanza. Msimu wa tatu ukatupa Daniel Mays katika nafasi iliyoonekana ya stelingi, naye akaondoka mwishoni mwa kipindi cha kwanza. Mtazamaji aliyezoeshwa hivyo hatamani jibu sahihi tu. Anatamani jibu litakalomvunja mtu moyo mbele ya macho yake.

Na hapo ndipo Buckells alipopungukiwa. Fikiria yale mahojiano ya mwisho katika chumba cha vioo, baada ya ule mlio mrefu wa kinasa sauti: upande mmoja wapelelezi wetu Hastings, Arnott na Fleming, upande wa pili mtu tuliyekuwa tukimcheka. Nani anapoteza nini? Hakuna aliyempenda Buckells, hakuna aliyemwamini, hakuna aliyelala naye nyumba moja. Hastings anapata jibu la swali la miaka, lakini jibu hilo halimgusi mwilini. Laiti Mercurio angempa Buckells, mapema katika msimu huo, hata uhusiano mmoja wa kweli na mmoja wa wapelelezi wetu, deni dogo la shukrani au siri ya kazini waliyochangia, dokezo la tahajia lingepiga kama nyundo. Dhana yake ilikuwa sahihi; maandalizi yake yalielekezwa zaidi kwenye fumbo kuliko kwa watu.

Kwa hiyo kasirika, kaka, lakini usiseme ulidanganywa. Useme ulilipwa kwa sarafu usiyoitarajia.

SWALI: Mimi ni mzee wa Unguja, nimestaafu. Wajukuu wangu wananitangulia katika kila tamthilia, na kabla sijaketi vizuri wameshanieleza muuaji ni nani. Wanasema eti hakuna ubaya. Ladha yangu imeharibika au niwaamini?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Wajukuu wana hoja, ingawa sidhani kama wanaijua. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California huko San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu walisoma hadithi fupi, baadhi wakiwa wameelezwa mwisho wake mapema. Walioelezwa waliburudika kuliko wasioelezwa, hata katika hadithi za upelelezi. Majaribio ya watafiti wengine baadaye hayakukubaliana yote na hayo, na hadithi fupi si tamthilia ya wiki nane, kwa hiyo msiende nalo mahakamani. Lakini wewe mwenyewe ni shahidi, maana naamini visa vya Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla umevisoma zaidi ya mara moja, na mara ya pili hukuvifungua ili kumjua mhalifu. Ulitaka kumsikia Bwana Msa, na kiko chake, akimweleza rafiki yake Najum mambo ambayo Najum aliyaona kwa macho yake asiyatambue.

Kinachoharibika ukihadithiwa mapema ni aina moja tu ya mgeuko, ule usio na kitu kingine nyuma yake ila jina. Hapo hasara ni ya mwandishi zaidi kuliko yako. Adabu, hata hivyo, ni suala jingine, na mjukuu anayemkatiza babu yake uhondo anastahili kuambiwa hivyo bila kuzungushwa.

Ukitaka kuwaweza, watazamishe Columbo, tamthilia ya Marekani kuhusu mpelelezi wa jina hilo. Humo mauaji hufanyika mbele yetu mwanzoni, muuaji tunamwona uso wake, na muda wote uliobaki tunamtazama Peter Falk, anayemwigiza Columbo, katika lile koti lake lililokunjamana, akiaga, akifika mlangoni, kisha akigeuka kuuliza jambo moja dogo alilolisahau. Mgeuko uko katika swali hilo dogo na katika uso wa mtu anayelisikia, wala hakuna mjukuu atakayeweza kulimaliza kwa jina. Anzeni na kile kilichofungua msimu wa kwanza mwezi Septemba 1971, kilichoongozwa na Steven Spielberg akiwa bado kijana wa miaka 24. Muuaji ni mtunzi wa riwaya za upelelezi anayemuua mtunzi mwenzake, na hilo nimekwambia bila wasiwasi wowote, kwa kuwa mtaliona wenyewe mapema sana. Namna anavyonaswa sikuambii, na wajukuu wakishaijua kabla yako, wazuie wasiseme.