Ukijiunga na chama cha wanahabari, tafuta wa kukusomea kazi

Vijana wa Afrika Mashariki wanaosomea uandishi wa habari hapa Marekani huniuliza mara kwa mara kama kuna haja ya kulipia uanachama wa chama cha taaluma ilhali hata kodi ya chumba inawatoa jasho. Huwajibu kwa kuwaeleza niliyoyaona kwa NAHJ, Chama cha Kitaifa cha Wanahabari wa Kihispania, nilichokijua kwa karibu Agosti 2022 kilipofanya mkutano wake mkuu Las Vegas pamoja na NABJ, chama cha wanahabari weusi, ambacho ndicho kilichonifikisha huko.

NAHJ kilianzishwa mwaka 1984, wakati Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walipokuwa wachache mno katika vyumba vya habari vya nchi hii. Jina la Ruben Salazar halikosekani katika historia yao. Huyu alikuwa mwandishi wa Los Angeles Times na mkurugenzi wa habari wa kituo cha televisheni cha KMEX, aliyeuawa tarehe 29 Agosti 1970 kwa kombora la gesi ya machozi lililofyatuliwa na askari wa sherifu, akiwa ndani ya baa siku ya maandamano ya kupinga vita vya Vietnam. Chama kina mfuko wa ufadhili wa masomo wenye jina lake, na mwanafunzi anayestahili asiache kuuomba.

Ushauri wangu mkubwa ni kwamba usiende mkutanoni kugawa wasifu wako tu. Katika ukumbi wa ajira, foleni za mashirika makubwa ya televisheni huwa ndefu, na ukifika mezani unaambiwa ukajaze maombi mtandaoni, jambo ambalo ungelifanya ukiwa nyumbani. Mimi nilikaa kwenye meza ya gazeti dogo, na mbele yangu mhariri alikuwa akisoma habari ya binti mmoja mwanafunzi. Aliweka kalamu kwenye aya ya tatu akamuuliza, "Haya umeambiwa na nani?" Binti akamtaja msemaji wa halmashauri. "Na wapangaji wenyewe, uliongea nao kwa Kihispania?" Alikuwa ameongea nao, tena kwa kirefu, lakini maneno yao yalikuwa yamebaki kwenye daftari. Wakaanza kuipanga habari upya palepale, na kwa maoni yangu dakika zile zilikuwa na thamani kuliko hotuba zote za jukwaani.

Kwa hiyo beba kazi mbili au tatu ulizozichapisha, na ukimpata mhariri wa namna hiyo muulize kama unaweza kumtumia nyingine baadaye. Mkutano ukiisha, hamia kwenye tawi la mahali unapoishi, kwa kuwa matawi hukutana mwaka mzima na nauli yake ni ya basi. Ada ya mwanafunzi ni nafuu kuliko ya mwanachama aliyeajiriwa, basi jiunge kabla hujahitimu. Ukishaajiriwa, mwombe mwajiri akulipie.