Mstari wa RMSD ukilala, je, protini nayo imetulia?

Swali: Nimeiga kwa kompyuta mwendo wa proteasi ya VVU (kimeng'enya kinachokata protini za virusi hivyo) ndani ya maji kwa nanosekunde 50. Mchoro wa RMSD, yaani kipimo cha wastani wa jinsi atomu zilivyosogea kutoka umbo la mwanzo, ulitulia kwenye nanomita 0.2, na vifuniko vya kimeng'enya havikufunguka. Je, naweza kuandika katika tasnifu kwamba protini hii haina unyumbufu?

Jibu: Huwezi. Vipimo vya maabara vya NMR, vinavyotumia sumaku kufuatilia mwendo wa atomu, vinaonyesha kwamba ncha za vifuniko hivyo hutikisika ndani ya nanosekunde chache, ilhali kufunguka kwenyewe huchukua takriban mikrosekunde 100, yaani mara 2,000 ya muda ulioiga.

Kinachonisikitisha, na ninakutana nacho karibu katika kila tasnifu ninayoletewa, ni imani kwamba mstari wa RMSD ukilala basi uigaji umekamilika. RMSD hukusanya umbali wa atomu zote kutoka zilipoanzia na kuufanya namba moja isiyo na mwelekeo. Aliye kilomita 50 kutoka Dodoma anaweza kuwa upande wa Iringa au wa Singida. Ndivyo maumbo mawili tofauti ya protini yanavyoweza kutoa nanomita 0.2 ileile. Mwaka 2010, kundi la mtafiti David Shaw liliiga protini ndogo ya BPTI, yenye amino asidi 58, kwa milisekunde 1 nzima katika kompyuta iitwayo Anton, iliyoundwa mahsusi kwa uigaji wa aina hii, likaiona ikidumu katika umbo moja kwa mikrosekunde nyingi kabla ya kuhamia jingine. Ukikata nanosekunde 50 karibu popote katika uigaji ule, utapata mstari uliolala vizuri kama wako.

Rudia uigaji mara kadhaa kwa kasi tofauti za mwanzo za atomu, upime umbali kati ya amino asidi ya 50 (Ile50) iliyo kwenye kifuniko na ya 25 (Asp25) iliyo chini yake, kisha ulinganishe na NMR.

Wala usiwaendee wanaotangaza kumfanyia mwanafunzi uigaji na kumkabidhi michoro pamoja na sentensi "mfumo ni thabiti". Kwa njia hiyohiyo ya mkato, kemikali za mitishamba hutangazwa kuwa zimethibitika kuzuia virusi kwa kuwa tu hazikutoka kwenye kimeng'enya kwa nanosekunde 50, ilhali hata molekuli inayojishika kwa udhaifu, isiyofaa kabisa kuwa dawa, inaweza kukaa humo kwa mikrosekunde nyingi.