Barkley kaondoka, Jones kabaki: hesabu iliharibikia wapi?

Barua za safari hii ni za Kusini, na karibu zote zinamhusu mgonjwa mmoja: New York Giants, timu ya futiboli ya Marekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai.

Hapa kijiweni Shangani, Mtwara, tumegawanyika. Wapo wanaosema Giants walitupa dhahabu, Saquon Barkley, mkimbiaji anayebeba mpira, wakamkumbatia Daniel Jones, kotabeki, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi. Wapo wanaosema mkimbiaji hafai kulipwa fedha nyingi hata siku moja. Tuamulie. – Msomaji, Mtwara

Pande zote mbili mnaanza kubishana Machi 2024, siku Barkley alipohamia Philadelphia Eagles. Rudini nyuma hadi Mei 2022.

Mchezaji anayechukuliwa raundi ya kwanza ya drafti, yaani zamu ya klabu kuchagua vijana wapya, husaini miaka 4, na klabu ina haki ya kuongeza mwaka wa 5 kwa bei inayotokana na kanuni za ligi. Sharti ni kwamba iamue kabla ya msimu wa 4 kuanza. Jones alichukuliwa wa 6 mwaka 2019, na mwaka wake wa 5 ungegharimu takriban dola milioni 22. Meneja mkuu Joe Schoen, aliyekuwa na miezi michache tu kazini, akasema hapana.

Msimu huohuo kijana akacheza kuliko alivyowahi kucheza: yadi 3,205 za pasi, tachidauni (mabao makuu ya mchezo huo) 15 za pasi, pasi 5 tu zilizonaswa, na yadi 708 kwa miguu yake mwenyewe. Wakawatoa Minnesota Vikings kwenye mtoano, 31–24, tena ugenini. Machi 2023 mkataba ukawa umekwisha na Giants wakalazimika kumlipa dola milioni 160 kwa miaka 4, zaidi ya milioni 80 zikiwa na dhamana. Watu wa korosho mtaielewa upesi: waliogopa kununua mkorosho ukiwa kwenye maua, wakaja kununua mnadani, mzigo umeshapangwa daraja. (Kwetu kangomba, yaani kununua korosho kwa mkulima kabla ya mnada, ni kosa. Kwao imeandikwa kwenye kanuni.)

Barkley anaingilia hapo. Kila klabu ina tegi moja kwa mwaka, yaani haki ya kumzuia mchezaji mmoja aliyemaliza mkataba kwa mshahara wa msimu mmoja. Jones alisaini dakika za mwisho kabla dirisha la tegi halijafungwa, ndiyo maana ikabaki kwa Barkley, kwa dola milioni 10 na ushee. Mwaka uliofuata hawakuitumia tena kwake, naye akasaini Eagles miaka 3 kwa milioni 37.75.

Sasa tazameni namba zake. Mwaka 2023 akiwa Giants: yadi 962, wastani wa 3.9 kila akibeba mpira. Mwaka 2024 akiwa Eagles: yadi 2,005, wastani wa 5.8, halafu pete ya Super Bowl, fainali ya ubingwa, baada ya kuifunga Kansas City Chiefs 40–22. Miguu ni ileile. Kilichobadilika ni wale watano wanaosimama mbele yake, ukuta wa kuwazuia wapinzani. Msimu wa 2023 makotabeki wa Giants waliangushwa na mpira mkononi mara 85, na ukuta unaoruhusu hivyo haumfungulii njia mkimbiaji pia. Kwa hiyo anayesema "tungekuwa na Barkley tungechukua kombe" ajiulize Barkley huyo angepita wapi. Kosa ninaloliona kwa Giants ni la Mei 2022, na la kumlipa kotabeki kabla ya kumjengea ukuta.

Jones alikuwa na mkataba hadi 2026. Mbona Novemba 2024 walimweka benchi, na siku chache baadaye wakamwacha kabisa? Si hasara? – Msomaji, Masasi

Ni hasara, ila walikuwa wanaikimbia kubwa zaidi. Mkataba ulikuwa na kifungu cha jeraha: kama Jones angeumia na kushindwa vipimo vya afya, dola milioni 23 za msimu wa 2025 zingekuwa zake bila ubishi. Mtu aliyekatika kano ya goti Novemba 2023, timu inafungwa kila wiki, kumchezesha ni kucheza kamari na milioni 23.

Hasara iliyobaki ni ya vitabuni. Bonasi ya kusaini, milioni 36, alilipwa mapema, lakini kwenye ukomo wa mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho ligi inairuhusu klabu kutumia kwa mwaka, huandikwa kidogokidogo: 36 kwa miaka 4 ni 9 kila mwaka. Mwaka 2023 walipobanwa waligeuza sehemu ya mshahara wake kuwa bonasi ili wapate nafasi, na 9 ikawa 11 na kitu. Akiondoka mchezaji, miaka yote iliyobaki hudondoka kwa mpigo. Miaka miwili, 11 na 11: ndiyo ile milioni 22 iliyowakaba 2025 kwa mtu ambaye hayupo. Klabu ikitangaza "tumepanga upya mkataba", jua imekopa.

Kaka, kati ya walioondoka 2024 nani hasa alistahili kubaki? – Msomaji, Newala

Xavier McKinney, mlinzi wa nyuma. Kijiweni hatajwi kwa sababu habebi mpira. Green Bay Packers walimpa miaka 4 kwa milioni 67, na msimu wa kwanza tu akanasa pasi 8. Alikuwa na miaka 24. Kidogo kilichorudi: ligi humfidia anayepoteza wachezaji huru, yaani waliomaliza mikataba, na kwa McKinney Giants walipata chaguo la 99 la drafti ya 2025. Waliliingiza kwenye biashara na Houston Texans ili wapande hadi nafasi ya 25, wakamchukua kotabeki Jaxson Dart. Msimu ulianza na Russell Wilson, Dart akapewa usukani mechi ya nne, wakawafunga Chargers 21–18.

Mechi zao tuziangalie saa ngapi? – Msomaji, Lindi

Zile za Jumapili mchana wa kwao ni saa 2 usiku kwetu mwezi Septemba na Oktoba. Mapema Novemba Wamarekani hurudisha saa nyuma, basi huwa saa 3 usiku. Wengi hukosa robo ya kwanza, au kungoja saa nzima bure, kwa kusahau hilo. Za Jumatatu usiku huanza saa 9 na robo usiku wa kuamkia Jumanne, na baada ya Novemba saa 10 na robo. Ukiwa na kazi asubuhi, lala mapema uamkie robo ya tatu.